Lukresia Alipopiga Marufuku Kisukuma

Lukresia hajui kukaa. Ukimkaribisha chai ataketi ukingoni mwa benchi, na kabla kikombe hakijapoa keshasimama anachungulia barabarani, utadhani kuna mtu anamdai. Nimemwambia mara nyingi, "Mama Wema, hebu tulia, utanimwagia chai yangu." Anacheka, anakaa, anasimama tena. Mie mtu asiyetulia ananichosha, lakini huyu nampenda, nifanyeje?

Mimi ni Mwanaima, mtu wa Muheza. Nina kibanda cha chai na vitumbua hapa Masumbwe, mbele ya nyumba tunayopanga pamoja na kina Lukresia. Kilichonileta huku ni mume, na kilichomleta mume ni dhahabu. Mume alikwisha kwenda zake Chunya kufuata rashi nyingine, wanakokimbilia wachimbaji wote, dhahabu yenyewe sijaiona, mie nimebaki na vitumbua. Watu wa hapa wanasema nina mdomo. Ninao, sikatai. Kiswahili nimezaliwa nacho, siku nikinyamaza mjue naumwa.

Lukresia ni Msumbwa wa Ushirombo, mtoto wa mzee Ansgar, wakulima wa mpunga na mahindi wasiokosa misa. Ameolewa na Msukuma, Eliya, mchimbaji wa Mwakitolyo. Eliya ni mtu mzuri ila hashikiki. Leo duara, shimo lao la dhahabu, limetoa, anakuja na mchele na kitenge. Kesho amesikia wamepata mahali pengine, kabeba begi, kaondoka. Kwa hiyo nyumba wanakaa wanawake watatu: Lukresia na cherehani yake, mama mkwe wake Bibi Mageni, na Wema, mtoto wa miaka sita mwenye maneno kama mie.

Bibi Mageni ndiye aliyemlea Wema. Lukresia anashona mchana kutwa, mtoto yuko mgongoni kwa bibi, baadaye yuko miguuni kwa bibi, baadaye kitanda kimoja na bibi. Bibi hajui Kiswahili zaidi ya salamu na bei ya nyanya. Mambo yote ya nyumba ile yalikwenda kwa Kisukuma, na mtoto kalelewa kwa adabu ya Kisukuma hasa. Mgeni mtu mzima akimsemesha, Wema anapiga goti, anainamisha macho, anakaa kimya. Hajibu mpaka mkubwa kuliko wote aliokuja nao ampe ruhusa. Bibi anasema, "Yomba, ng'wanone," yaani sema, mwanangu, basi hapo ndipo mdomo unafunguka. Siku ya kwanza chekechea kwa Mwalimu Aneth alikaa goti chini hivyo hivyo, Aneth akadhani mtoto bubu. Bibi akarudi kutoka njiani, akasema neno lake, na tangu siku hiyo Aneth anatamani angalau dakika moja ya kimya.

Sasa basi. Kuna shule moja hapa, ya mchepuo wa Kiingereza, yenye geti la bluu na basi la njano. Jina silitaji, sitaki maneno. Lukresia aliitaka shule ile kwa ajili ya Wema jinsi mtu mwenye kiu anavyotaka maji. Usingizi hana, chakula hali. Kila basi likipita anasimamisha cherehani, analisindikiza kwa macho mpaka linapinda kona ya sokoni.

Pale kibandani kwangu mabishano ya shule hayaishi. Kila redio ikitaja mambo ya lugha za kufundishia, chai inapoa. Januari, muuza spea za mashine za kusagia mawe, yeye anasema mtoto aanze na Kisukuma, lugha ya mama yake, mengine yatafuata. Chacha, fundi wa mashine hizo hizo, anasema Kiswahili mpaka chuo kikuu, kwani Wachina wanasoma kwa lugha ya nani? Wengine wanataka Kiingereza tangu mtoto anaota meno. Mie nilikuwa upande wa Chacha, tena kwa sauti.

"Kiswahili kina kasoro gani?" nilisema siku moja, sahani mkononi. "Mnakimbilia Kiingereza kama mnakimbizwa na nyuki. Mtoto anarudi nyumbani anaongea na mama yake kama mgeni. Ushamba tu!"

Lukresia alikuwa amesimama mlangoni, kama kawaida yake. Akanigeukia. Sijawahi kuona macho yale.

"Dada Mwanaima," akasema, "wewe ulizaliwa na lugha ya shule mdomoni. Hujui kitu. Nyamaza."

Hee! Mie kuambiwa ninyamaze, kwenye kibanda changu! Nilitaka kumjibu, lakini Lukresia akaanza kusema, na siku ile alisema mengi kuliko mwaka mzima.

Alikuwa wa kwanza darasani shule ya msingi, Ushirombo. Mwalimu akimwita wenzake wanajua jibu limekuja. Akafaulu kwenda sekondari, baba yake akamchinjia jogoo. Kufika kidato cha kwanza, kila kitu kikageuka Kiingereza. Jiografia Kiingereza, baiolojia Kiingereza, hata kuomba ruhusa ya kwenda chooni Kiingereza. "Nilikuwa nanakili ubaoni kama mtu anayechora maua," akasema. "Mwalimu akiniuliza, jibu ninalo, Dada Mwanaima. Ninalo kabisa, kwa Kiswahili, liko hapa." Akajigonga kifua. "Nasimama tu. Wenzangu wanacheka, nakaa. Miaka yote mpaka kidato cha nne. Nikapata ziro. Baba akasema basi, ndiyo akili zangu zilipoishia. Sikuwa mjinga mimi! Sikuwa mjinga!"

Akalia pale pale mbele ya Januari na Chacha. Chacha akatazama kikombe chake. Mie sahani nikaiweka chini, na ule ubishi wangu wote nikaumeza.

Baada ya siku chache Lukresia akafanikiwa kumpatia Wema nafasi ya usaili shule ile. Aliporudi kutoka kuchukua maelekezo getini, alikuwa amejaa wasiwasi. Ameambiwa mtoto atahojiwa na mwalimu mkuu mwenyewe, tena ameshauriwa nyumbani wazungumze Kiingereza. Na kama Kiingereza hakuna, basi Kiswahili. Lugha za nyumbani zinamharibia mtoto ulimi.

Jioni ile ile Lukresia akatangaza sheria. Humu ndani hakuna Kisukuma. Akamwambia mama mkwe wake, kwa Kisukuma, maana angemwambia kwa nini kingine? "Mama, nakuomba. Usimsemeshe Wema Kisukuma tena. Tunamharibia."

Nilikuwa napepeta unga uani, nikasikia. Bibi Mageni hakubisha. Aliuliza tu, "Hata kitandani?"

"Hata kitandani, mama."

Loo, nyumba ile ikawa nzito. Wema, asiyenyamaza, akaanza kuzungumza robo robo. Anaanza neno la Kisukuma, anamtazama mama yake, analimeza. Bibi akimtaka mtoto anapiga makofi, akitaka kumlisha anaonyesha kidole. Lukresia kwenye cherehani, masikio yamesimama, akisikia hata mguno anageuka. Kila nikipita naona watu watatu wanaogopana. Nikamwambia, "Mama Wema, hii nyumba au mahabusu?" Akaniambia nisubiri mpaka usaili upite.

Asubuhi moja Bibi Mageni akaja kibandani, kigoda chake mkononi. Akakaa karibu na jiko, akangoja wateja wapungue. Kisukuma changu ni cha kuokoteza, lakini nilimwelewa vizuri. Alitaka nimfundishe Kiswahili. Nikamuuliza Kiswahili cha nini, bibi yangu, uzee huu? Akasema, "Mtoto ananitazama usiku anangoja nimwambie kitu. Sina cha kumwambia."

Nikamfundisha. Umekula? Umeshiba? Lala salama, mwanangu. Njoo nikubebe. Alirudia kila neno kwa bidii, mpaka jasho linamtoka, na mie mwanzo nilicheka, wallahi nilicheka, maana alivyokuwa akiyatamka! Naye akacheka. Kisha akaniuliza, kwa Kiswahili tunalisemaje lile neno ambalo bibi anamwambia mjukuu aliyeota ndoto mbaya. Nikafikiri, nikakosa. Si kwamba Kiswahili hakina. Sikujua yeye humwambia nini, wala hakuweza kunieleza. Nikakasirika siku nzima, vitumbua vikaungua.

Siku ya usaili Lukresia akanijia alfajiri. "Dada Mwanaima, twende wote. Ofisini mimi nakosa maneno." Nikafunga kibanda. Bibi Mageni naye akavaa kitenge kipya na kujitanda kanga kichwani, maana mtoto aliyelelewa na bibi hapelekwi mbele ya wakubwa bila bibi, hilo Lukresia hakuweza kulikataa. Njiani Lukresia alikuwa mbele, anarudi nyuma, anamfuta Wema uso, anakwenda tena mbele. Alikuwa anamfundisha mtoto kwa mara ya mwisho, majibu yote aliyoyachota kwa Mwalimu Aneth. Wema anajibu Kiingereza kinatiririka. Mie sielewi hata neno, lakini nilisikia kinavyokwenda.

Mwalimu mkuu anaitwa Charles, mtu wa Bukoba, kijana mpole mwenye tai. Sitamsingizia ubaya. Alitukaribisha vizuri, akampa Bibi shikamoo. Ukutani nyuma yake kulikuwa na tangazo kubwa, na Lukresia alipolisoma akazidi kujikunja kitini. Kiingereza na Kiswahili tu ndani ya eneo hili, ndivyo lilivyosema.

Mwalimu Charles akamwinamia Wema, akamuuliza jina lake kwa Kiingereza.

Wema akapiga goti, akainamisha macho, akanyamaza.

Akauliza tena, taratibu. Kimya. Akauliza kwa Kiswahili. Kimya. "Jibu, Wema," Lukresia akanong'ona. "Mwanangu, jibu!" Mtoto akainua macho kidogo, si kwa mama yake, kwa bibi. Na Bibi Mageni alikuwa amejiziba mdomo kwa pindo la kanga, amelishika kwa mikono miwili, anatazama sakafu. Mie nikajua kinachotokea, nikataka kusema, lakini ofisi ile na lile tangazo na mwalimu mwenye tai, mdomo wangu ukanitoroka. Mimi Mwanaima! Mpaka leo sijisikii vizuri nikikumbuka.

"Si tatizo, mama," Mwalimu Charles akasema. "Hajawa tayari. Mlete mwakani."

Tukatoka. Kwenye baraza wazazi wengine wamejipanga na watoto wao, soksi nyeupe. Lukresia akamshika Wema mabega, akamtikisa. "Kwa nini umenifanyia hivi? Unajua majibu yote! Kwa nini?"

Wema akashangaa. Akasema kwa Kiswahili kizuri kabisa, "Bibi hajaniambia niseme."

Lukresia akamgeukia mama mkwe wake. Aliuliza kwa Kiswahili, akasahau kwamba bibi hawezi kumwelewa. Akauliza tena kwa Kisukuma, pale pale barazani, sauti juu, watu wanageuka. "Mama, kwa nini hukumruhusu?"

Bibi Mageni akaondoa kanga mdomoni. "Ulisema nitamharibia," akajibu. "Niliogopa. Nikasema nikifungua mdomo humu watamfukuza kwa ajili yangu."

Basi Lukresia akapiga goti. Safu za soksi nyeupe na mabegi ya magurudumu pembeni, mwanamke mzima goti chini kwenye saruji, anamwomba mama mkwe wake arudi ndani ampe mtoto ruhusa, kwa lugha aliyoifukuza nyumbani. Kisha akarudi akabisha hodi mlango wa ofisi. Mwalimu Charles, nimesema si mtu mbaya, akakubali kumsikiliza mtoto tena.

Tukaingia. Wema goti chini. Bibi Mageni akatazama ukuta, akatutazama sisi, akasema polepole, "Yomba, ng'wanone."

Mwenzangu! Mtoto akasimama akafunguka. Jina lake, umri wake, baba yake anachimba wapi, siku za wiki, wanyama wa porini, mpaka akaanza kumuuliza mwalimu maswali yeye. Mwalimu Charles akacheka mpaka akaegemea meza. "Huyu!" akasema. "Huyu tunamchukua leo!" Lukresia akashika mikono yangu, akanibana mpaka pete ikaniumiza. Nikamwona anakaa, anakaa hasa, mgongo umegusa kiti.

Kisha mwalimu akatulia, akaongea na Lukresia kwa Kiswahili, kwa heshima zote. Akasema mtoto ana akili sana, lakini mmeona wenyewe leo. Amezoea kungoja neno la bibi. Darasani hakuna bibi. "Wazazi wananilalamikia kikisikika Kiswahili tu, sembuse Kisukuma. Na hawa wadogo wakichanganya lugha tatu, wa kuumia ni wao, nimewaona. Nakuomba uniahidi, mama. Bibi asizungumze naye tena Kisukuma. Kama haiwezekani, basi labda bibi apumzike kijijini kwa muda. Unaahidi?"

"Ndiyo, mwalimu," Lukresia akasema. Alisema upesi, kama mwanafunzi.

Bibi Mageni alikuwa anatabasamu, anatazama midomo yetu. Alijua mambo yamekwenda vizuri. Akauliza kwa Kisukuma, "Anasemaje?"

Lukresia akatazama mapaja yake. Mie nikatazama dirisha.

Wema akamjibu. Mtoto kapewa ruhusa ya kusema, naye anasema. Akamshika bibi yake goti, akamweleza yote kwa Kisukuma safi, neno kwa neno, kwa furaha ya mtoto anayejua kazi yake. "Bibi, mwalimu anasema nimefaulu. Anasema wewe usizungumze na mimi tena. Anasema urudi kijijini. Mama amesema ndiyo."

Tabasamu la Bibi Mageni halikuondoka mara moja. Lilikaa pale usoni, halina kazi. Kisha akamshika Wema kichwa, akasema, "Wabeja, ng'wanone," yaani asante, mwanangu, umenieleza vizuri. Akaanza kujifunga kanga yake kama mtu anayejiandaa na safari.

Mwalimu Charles akauliza mtoto amesema nini.

Nilimwona Lukresia anasimama. Nikadhani atalia tena. "Amemtafsiria bibi yake maneno yako, mwalimu," akasema. "Ameyatafsiri vizuri kuliko mimi ningeweza. Na ile ndiyo niliyosema siyo. Nilikosea. Nasema hapana."

"Mama, fikiri kwanza. Nafasi hii..."

"Hapana, mwalimu. Samahani sana. Hapana."

Mwalimu akahuzunika, nilimwona anahuzunika. Akasema hawezi kuvunja utaratibu kwa mzazi mmoja. Akamwita anayefuata.

Sasa nyie mtadhani tulirudi tunakumbatiana. Thubutu! Kutoka nje ya geti tu, Bibi Mageni akamgeukia mkwewe kwa hasira ambayo sikujua mwanamke yule anayo. Kisukuma kikamwagika barabara nzima, watu wa sokoni wakaacha mizani. Nani amemwambia akatae? Nani? Yeye ana nyumba yake kijijini, ana mihogo yake, angekwenda leo leo. Shule ya mtoto inatupwa kwa ajili ya kikongwe? Wazimu gani huu?

"Sikatai shule, mama!" Lukresia naye anapiga kelele, kwa Kisukuma hicho hicho. "Nimekaa darasani miaka yote sielewi ninachoambiwa. Sasa nikufanyie wewe hivyo nyumbani kwako? Wewe?"

"Mimi nimezeeka! Mimi hakuna mtihani ninaoungoja!"

"Atasoma Kayumba ya serikali, atasoma! Nitamsomesha mimi mwenyewe jioni!"

"Kwa Kiingereza gani ulichonacho?"

Lukresia akatembea mbele, akarudi, akatembea mbele tena. Wema katikati yao, anamjibu huyu, anamjibu yule, hajui kwa nini wakubwa wanalia na yeye amefaulu.

Mwezi wa kwanza mwaka huu Wema kaanza darasa la kwanza shule ya serikali, wamejaa mpaka wengine wanakaa chini. Anarudi ana vumbi na hadithi, anazimwaga kwa bibi yake mpaka usiku, nasikia kupitia ukutani. Lukresia bado anasimama basi la njano likipita. Jana alikuja kunywa chai, akakaa ukingoni, hakukigusa kikombe. Akaniuliza, "Dada Mwanaima, akifika kidato cha kwanza akasimama kama nilivyosimama mimi, nitamwambia nini?"

Nikataka kumwambia kitu. Nikamwongeza sukari, na yeye akasimama.